Mahindi ya Spika ya Baba

Juzi, huko Mvara, nilimwona fundi akipiga hesabu ya sanduku la spika kwenye simu. Nikakumbuka mahindi.

Nilipokuwa mdogo, baba alikuwa na spika ya besi aliyoitoa kwenye gari lake la zamani. Siku moja tuliipeleka kwa fundi, kwani kesho yake shangazi alikuwa anaolewa huko Kuluba. Bila spika hiyo, harusi ingekosa muziki. Fundi wetu wa Koboko, Mkongo aliyenukia gundi ya mbao, aliitazama amplifaya mpya ambayo baba aliinunua kuiendesha, akatikisa kichwa.

"Muzee, hii itaua yeye. Spika iko ya zamani. Inataka nguvu kidogo na nyumba mukubwa."

Akaleta amplifaya ndogo, akapigilia sanduku jipya, kisha akalijaza mahindi kwa debe ili apime nafasi ya ndani.

"Debe mbili. Inatosha yeye."

Akayarudisha mahindi yote guniani, akaifunga spika mahali pake.

Mimi nilidhani spika imelishwa, kisha ikanyang'anywa chakula. Walipogeuka, nikatia konzi moja ya mahindi kwenye tundu la upepo.

Walipowasha, sanduku lilichakacha vibaya. Baba akakaa chini.

"Imekufa," alisema.

Fundi akaliinamisha sanduku. Punje zikamwagika, na wote wawili wakanitazama.

"Isilale njaa," nilisema.

"Mutoto iko na roho muzuri," fundi akamwambia baba. "Lakini hii inakula umeme tu."

Punje moja ilibaki ndani. Kule Kuluba tuliisikia ikicheza harusi nzima, na baba hakumwambia mtu.