Nyota Iliyokuwa Moshi wa Mihogo

Nyota niliyoigundua mimi ilikuwa moshi wa mihogo. Hilo nalisema mwenyewe mapema, maana hapa Ilomba, Mbeya, hakuna aliyebaki hajalijua, na wapo wanaolisimulia vizuri kuliko mimi.

Mimi ni fundi cherehani wa barazani kwangu. Kuvuka geti kwangu ni safari; nikifika sokoni najihesabu nimetembea nchi. Shule niliishia kidato cha nne, na fizikia nilipata F yenye afya njema. Dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa na kwa kila kitu kingine, anafundisha fizikia hiyo hiyo sekondari huko Iringa, na wakati huo alikuwa akihangaika kumaliza shahada ya pili. Utafiti wake ulihusu nyota pacha: nyota mbili zinazozungukana karibu karibu, kiasi kwamba sisi huku chini tunaona nukta moja tu.

Chuo kilikuwa kimemwazima kifaa cha kuchambua mwanga. Kinapokea mwanga wa nyota na kuutandaza kama upinde wa mvua, na ndani ya upinde huo nyota nyingi huonyesha mistari myeusi. Nyota yake ilikuwa na kituko: kwenye rangi nyekundu, mahali pa mstari mweusi, palikuwa na mstari unaong'aa. Dada alishuku ni gesi, kwamba nyota moja inammwagia mwenzake. Ili athibitishe, ilibidi auone mstari ule wakati nyota moja inaikinga nyingine, na saa hiyo hiyo mtu mwingine apime mwanga wote umepungua kiasi gani. Alihitaji mtu ambaye jioni zote yupo nyumbani.

"Nimefikiria sana ni nani hatoki," alinipigia, "nikakumbuka nina mdogo wangu."

Akaniletea kamera kuukuu iliyowahi kupiga harusi, stendi yake na kompyuta. Kazi ilikuwa kuielekeza kamera kwenye nyota, kupiga picha moja baada ya nyingine, kisha kompyuta isome mwanga. Sharti lilikuwa moja. Katika kila picha nipime na nyota nyingine ya pembeni, isiyobadilika, ambayo dada aliiita shahidi. Zikififia zote mbili, ujue ni anga tu. Mimi nikaona shahidi ananiongezea kazi. Mteja akija kushonewa suruali simpimi pamoja na jirani yake; nyota nayo ya nini?

Basi ikawa kila jioni, muda mfupi baada ya adhana ya isha, nyota yangu inafifia, inakaa hivyo, kisha inarudi. Nikampigia dada. Kabla ya kumpigia nilikuwa nimeshamwambia mwenye duka, fundi viatu, na mama jirani, ambaye alinipa kipande cha samaki bure kwa kunipongeza.

"Kila siku saa ile ile?" dada akauliza.

"Ile ile. Nyota ina nidhamu hii!"

"Nyota haina saa ya ukutani, wewe. Anayefuata saa ni binadamu. Shahidi anasemaje?"

Nikakohoa.

"Hukumpima."

"Nilimpunguzia usumbufu."

Alicheka mpaka nikasikia mtu huko Iringa akimuuliza kulikoni.

Nilitoka uani nikachungulia. Ng'ambo ya ukuta mama jirani alikuwa ameinama, anapuliza kuni mbichi za mlingoti, yaani mkaratusi, chini ya karai la mihogo na samaki wake wa kuuza. Kwa baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita, moshi haupandi ukapotea, unalala. Na ulikuwa umelala juu ya kamera yangu kama blanketi.

Ningeendelea kucheka, ila dada aliacha kwanza. Kifaa kilitakiwa kirudi chuoni mwisho wa mwezi. Nyota zile mara nyingi hukingana mchana, wakati hakuna wa kuziona. Kabla ya kukirudisha ilikuwa imebaki jioni moja tu, na saa yake ilikuwa saa ya mihogo. Ikipita hiyo, shahada inangoja tena. Alishaingojesha mara moja, mama yetu alipougua, kwa sababu mimi niliyekuwa nyumbani siku zote nilishindwa hata kujua dawa ipi ni ya asubuhi. Hilo hajawahi kunikumbusha. Bora angenikumbusha, ningepata la kujibu.

Nikavuka geti. Mama jirani ni mjane. Wazee wake walipanda huku kutoka pwani na biashara, na ulimi wao haukubaki njiani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Nyota haijambo?"

"Mama, nyota ilikuwa moshi wako."

Akashika kiuno. "Yaani samaki wangu nimempongezea moshi wangu mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Haya, endelea."

Nikamweleza, nikamwomba jioni hiyo asiwashe moto.

"Na wateja wangu wale nyota?"

"Ni jioni moja tu, mama. Ni kwa ajili ya dada."

"Ya dada yako?" Akaweka mwiko chini. "Si ungeanza na hilo! Nilidhani ni mambo yako."

Siku ilipofika alikaanga vyote mchana. Jioni akakaa na beseni lake limefunikwa, wateja wakinung'unika mihogo imepoa. "Mlalamikieni fundi," nilimsikia, "yuko uani anapima mbingu." Kisha akavuka barabara kumzuia mzee mmoja asichome takataka zake. Sikumtuma.

Anga lilikuwa safi. Dada alikuwa kwenye simu, nami nimejifunga vitambaa vyote vilivyobaki kwenye cherehani.

"Shahidi?"

"Amesimama kama askari."

"Na yetu?"

"Inashuka, dada. Safari hii inashuka kweli."

Huko Iringa nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi.

"Nyota imefifia," alisema hatimaye, taratibu, "na mstari mwekundu upo pale pale. Ungekuwa wa nyota yenyewe ungefifia nayo. Ni gesi, mdogo wangu. Imezunguka huko nje, haikuweza kukingwa!"

Nikamsikia akipenga kamasi. Baridi ya Iringa, alidai. Nikamwambia na ya Mbeya nayo si mchezo, huku najipangusa uso kwa kipande cha suruali ya mteja.

Alipomaliza shahada alikuja likizo na kikapu cha Iringa, kizuri mno, nikanyoosha mkono kukipokea. Akanipita nacho hadi kwa mama jirani. Nilistahili, na moyoni nilifurahi kuliko kama ningepewa mimi. Bila mama yule ningempelekea dada yangu moshi kwa mara ya pili.

Mama alikigeuza kikapu, akakisifu, kisha akataka kujua hizo nyota zilikuwa zinafanya nini hasa. Dada akamweleza kwa utulivu, kama yuko darasani: ziko mbili, hazitengani, moja inatoa na nyingine inapokea tu.

Mama jirani alinitazama mimi, akamtazama dada, akarudi kwangu.

"Moja inatoa, nyingine imekaa inapokea. Ndiyo mkaazima na mtambo? Mngekuja kuniuliza mimi, nawaona hapa ukutani tangu mko wadogo."