Ndege ni Saa Moja

Maziko ya mjomba wangu yaliharakishwa kwa sababu ya maneno mawili niliyotamka kwenye simu: saa moja.

Alifariki Mombasa kabla ya alfajiri. Ndiye aliyenilea, na siku zote alisema mimi na mwanawe ndio tutakaoshuka kaburini kumpokea. Mwanawe huyo, binamu yangu, aliponipigia Nakuru ninakoishi, aliniambia watazika baada ya alasiri ili niwahi.

"Usijali," nikamjibu. "Ndege ni saa moja tu."

Nilimaanisha muda wa kuwa hewani kutoka Nairobi. Yeye alisikia saa ya kuondoka. Nafasi niliyopata kwenye ndege ilikuwa ya saa sita mchana.

Jirani yangu, fundi wa mitambo ya umeme kule Olkaria, alikuwa akitoka kwenda kazini na pikapu yake. Alipopata habari aliomba ruhusa, akasema atanifikisha hadi uwanja wa ndege wa Nairobi. Tulipofika Gilgil tukakuta malori yamesimama mstari mmoja hadi macho yalipoishia. Hapo binamu akapiga tena.

"Kaka, ushatua?"

"Nitue wapi? Niko Gilgil."

"Gilgil ndiyo wapi? Si ulisema ndege ni saa moja?"

"Saa moja hewani! Inaondoka saa sita."

Akaniambia kwamba, akidhani nitakuwa nimefika asubuhi, alikubaliana na wazee wazike baada ya adhuhuri. Msikitini walikuwa wameshatangaza, na wazee hawakutaka kubadilisha saa ya maziko mara ya pili.

"Niwekee nafasi yangu," nikamwambia. "Nakuja."

Jirani alikuwa amesikia yote. "Huyo binamu yako anadhani Nakuru ni mtaa wa Nairobi?"

"Hajawahi kutoka pwani akavuka Voi."

"Funga mkanda, boss." Akakata kushoto, akaingia barabara ya vumbi kati ya mashamba. Tulirudi kwenye lami mbele ya lori lililoongoza mstari, tukiwa weupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Mlango wa ndege ulikuwa karibu kufungwa nilipofika.

Nilikaa dirishani. Barabara ya Mombasa ilikuwa chini yetu kama uzi, na malori kama yale yaliyotuzuia Gilgil hayakuonekana kabisa. Kabla sijamaliza maji niliyopewa, tukaambiwa tufunge mikanda, tunashuka. Kutoka nyumbani kwangu mpaka kwenye kile kiti nilikuwa nimetumia asubuhi nzima.

Tulipotua nikawasha simu. Kulikuwa na ujumbe mmoja wa binamu: "Tushaswali. Twatoka msikitini sasa." Nikampigia. Hakushika.

Nilimwambia dereva wa teksi anipeleke makaburini, naye akaniangalia lile vumbi lililonikauka usoni, akawasha gari. Kwenye daraja la kuingilia kisiwani magari yalikuwa yakitambaa. Nilikunja suruali hadi magotini, tayari kushuka kaburini, nikapiga tena. Simu iliita mpaka ikakatika; saa hiyo binamu alikuwa ameshashuka kaburini bila mimi.