Kufuata Minana Hadi Temeke

Miaka ile baada ya vita kuu ya pili, mnazi wa nyuma ya nyumba yetu Ilala ulikatwa ili ipatikane nafasi ya vyumba vipya. Ulikuwa na viota arobaini na viwili vya mnana, yule ndege mdogo wa manjano anayesuka kiota cha kuning'inia kwa majani aliyoyachana mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, na jicho langu limezoea kuhesabu mishono. Nilivihesabu mara tatu. Jirani zangu wakasema minana wamekwisha. Mimi nikaandika daftarini kwamba mji hufukuza ndege, na kwamba waliofukuzwa lazima wawe mahali fulani. Mteja mmoja akanidokeza kuwa Binti Mwinshehe wa Temeke analia na minana. Jumapili nikaenda kuthibitisha.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niliondoka kwa miguu. Njia nzima nilitega sikio kwa ajili ya kwale, maana zamani walilia katika vichaka vya pande zote mbili. Sikusikia hata mmoja. Vichaka vyenyewe havikuwepo. Palikuwa na matofali. Nikaandika: kwale, hakuna. Nilifurahi kidogo, kama mtu aliyetabiri msiba ukatokea.

Chang'ombe nilifika saa moja na robo. Mwashi mmoja alikuwa akiezeka nyumba mpya, na shomoro wakiingia na kutoka chini ya mkono wake. Nikamuuliza wametoka wapi. Akasema hajui, ila kila anapojenga huwakuta. "Bati halijashika msumari, yeye keshaleta nyasi. Mwenye nyumba hajahamia, mpangaji yumo." Hilo niliandika ukurasa mwingine, kwa sababu halikulingana na nililolifuata.

Saa mbili na nusu nikawa Temeke. Binti Mwinshehe ni mjane wa Kizaramo mwenye minazi saba, na nazi ndizo zinazomlisha. Mimi Mnyamwezi, kwa hiyo sisi ni watani tangu enzi za misafara ya babu zetu, na mtani anaweza kukutukana, hata kuchukua chako, usipate pa kushtaki. Minazi yake mitatu ilikuwa imechanwa makuti yakabaki njiti tupu, na vidaka, zile nazi changa, vinapukutika. Mara mbili alimwita mkwezi aangushe viota. Mara mbili ndege wakasuka upya kabla wiki haijaisha. Siku hiyo mkwezi alikuja na shoka. Mitatu ilikuwa ikatwe adhuhuri.

"Babu zenu walitushushia pembe za ndovu," aliniambia kabla sijaketi. "Nyie mmetushushia ndege. Wachukue wako urudi nao."

Nikamjibu kuwa nilidhani Wazaramo wanapenda wageni wenye kelele. Kisha nikaomba anipe hadi adhuhuri nitazame. Alikubali, ila viatu nilivyovua pembeni mwa mkeka alivichukua, akavifungia ndani. Ndege wakihama, alisema, nitavaa. Wasipohama, atavipandia maua.

Kuanzia saa tatu nilihesabu viota sitini na kimoja, vyote katika minazi mitatu iliyoinamia uani, mahali anapopikia na kutwangia. Minne ya nyuma, karibu na vichaka, haikuwa na kiota, ingawa makuti yake yalikuwa mazuri zaidi. Nikamuuliza mkwezi sababu. Akasema kule hutua kipanga, na nyoka hupanda.

Saa tano kipanga mwenyewe akapita juu ya uani. Binti Mwinshehe, akilinda vifaranga vyake, alimrushia mwiko na matusi ya kutosha ndege wawili. Kipanga akageuka. Minana walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea kusuka. Hapo nikaona aibu. Hawa hawakuwa wamekimbia watu. Walikuwa wamekimbilia kwa watu.

"Wewe ndiye askari wao," nikamwambia.

"Kwa hiyo mie nihame, wao wabaki?"

"Jiko lihame."

Ukingoni mwa kiwanja chake, juu ya bonde lenye matete, kulikuwa na mkwaju. Nilimweleza kwamba akipikia na kupigia kelele pale, huenda minana wakamfuata, wachane matete badala ya makuti. Alitazama minazi, akatazama shoka, akaniuliza kama nina hakika. Nilitamani kusema ndiyo. Nikasema sina.

Akamwambia mkwezi aangushe viota tu, shoka libaki chini. Akabeba figa la kwanza mwenyewe. Kinu akaniachia mimi. "Mnyamwezi huzaliwa na bega la mzigo."

Saa tisa nilirudi kwa miguu mitupu juu ya mchanga wa moto. Pale Chang'ombe yule mwashi aliniuliza kama Temeke siku hizi kuna wezi. Nikasema kuna mtani. Akacheka, akarudi kwenye bati lake.

Baada ya wiki tatu mkwezi alinipitia na kifurushi: kiatu cha kushoto. Alisema mkwaju umejaa viota, minazi yote mitatu imesimama na inatoa makuti machanga, lakini viota kumi na kimoja vingali uani. Cha kulia kinasubiri ndege hao nao wahame.

Nimefuta sentensi yangu ya kwanza daftarini. Mji ukija, kwale huondoka. Shomoro hutangulia mlango. Mnana hutafuta mtu mwenye sauti kubwa. Wenye viota vile kumi na kimoja sijawaandikia neno. Kwa sasa nakanyaga cherehani miguu mitupu.