Niliponywa Macho Kanisani, Nikiwa Bado Nangoja Operesheni

Niliponywa macho Jumapili moja, mbele ya kanisa zima hapa Kwa Vonza.

Jumatatu yake nilikuwa kwenye cherehani, nimeinua kope kwa kidole ili nione sindano inapita wapi.

Mtacheka mahali fulani, najua. Chekeni tu, lakini msome mpaka mwisho.

Jina langu ni Kasyoka, ingawa hapa sokoni naitwa Mama Musyimi. Mimi ni fundi wa nguo, nashona yunifomu za shule.

Kope zangu zilianza kushuka nikiwa nimevuka miaka arobaini. Ya kushoto ilitangulia, na ya kulia ikaona isiachwe nyuma. Ikafika mahali nikitaka kumwona mtu lazima niinue kidevu juu, basi watu wakasema nina maringo.

Mwalimu mkuu mmoja alikuja akachukua vitambaa vyake, akampelekea fundi mwingine.

"Mama Musyimi, pumzika kidogo," akaniambia. "Siku hizi unashona ukisinzia."

Sikuwa nasinzia, nilikuwa sioni. Na ile cherehani ndiyo inanilisha, sina kazi nyingine ninayoijua.

Nikaenda hospitali huko Makueni. Daktari akanipima, akasema, "Hapa hakuna usingizi wala uchawi. Msuli wa kope umelegea. Tutaukaza."

Nilidhani nitalala kitandani siku hiyo hiyo. Kumbe operesheni ina matayarisho kuliko harusi.

Presha yangu ilikuwa juu, lazima ishuke kwanza. Aspirini nilizokuwa nameza kila siku nikaambiwa niache, kwa sababu zinafanya damu isigande haraka. Na nilikuwa nazimeza kwa sababu ya kuumwa kichwa, kwa kukunja paji la uso kutwa nzima nikijaribu kuinua hizo kope. Siku yenyewe nije bila kula, uso umeoshwa, bila mafuta wala poda. Nije na mtu wa kunirudisha nyumbani.

"Na uniletee picha yako ya zamani, wakati kope zilikuwa sawa," daktari akaongeza. "Nijue niziinue mpaka wapi. Sitaki utoke hapa ukionekana umeshtuka maisha yako yote."

Nyumbani sikuwa na picha kama hiyo. Nikamkumbuka Ndunge.

Ndunge ni mke wa Askofu Nthiwa, mchungaji wetu. Mimi na yeye tuliimba kwaya pamoja kabla ya kuolewa, na yeye hatupi kitu. Akachakura kwenye sanduku akanipata: msichana wa blauzi nyeupe yenye kola ya mviringo, macho makubwa, anaimba. Hata bega la Ndunge mwenyewe lilikuwa limeingia pembeni.

Kabla hajanipa, aliipiga picha kwa simu yake.

"Ya kumbukumbu," akasema. Nikaona ni upendo.

Sasa, kwetu mtu haendi kupasuliwa kimya kimya. Unasema kanisani, unaombewa, na akina mama wanakusindikiza. Ukienda bila kusema, unaonekana una siri, au unajifanya. Kwa hivyo nikasimama nikawaomba waiombee mikono ya daktari.

Hilo tu ndilo niliomba.

Askofu akaniita mbele. Akanipaka mafuta kwenye kope, akashika kichwa changu, akapaza sauti, "Fungua macho!"

Mtu mwenye ugonjwa huu akiambiwa afungue macho, anavuta kwa paji la uso. Ndivyo mwili umezoea. Nikavuta mpaka nikahisi masikio yanasogea, na kope zikapanda.

Kanisa likalipuka.

Nikafungua mdomo niseme ni paji la uso tu, jamani, lakini maiki ilikuwa imeshaondoka. Kinanda kilikuwa juu, watu wanarukaruka, na mimi nalia kwa aibu. Wao wakaona ni machozi ya furaha. Kabla sijafika kwenye kiti changu kope zilikuwa zimeshuka tena, na hakuna aliyekuwa ananiangalia.

Wiki hiyo Ndunge akaja kwangu.

"Mama Musyimi, hiyo operesheni wachana nayo. Ukienda, watu watasema bwana yangu ni mwongo."

"Na nisipoenda nitakula nini, Mama Askofu?"

"Imani."

"Imani haishoni kola."

Akanyanyuka bila kumaliza chai. Yeye ndiye alikuwa ameahidi kunisindikiza Makueni. Tangu siku hiyo hakushika simu yangu, na mimi nikaacha kwenda kanisa lile. Iliniuma kuliko macho.

Presha yangu ilikaidi zaidi ya mwaka. Nilikula bila chumvi, nikameza dawa, nikarudi kupimwa, nikarudishwa. Mwishowe muuguzi akapiga simu: nije. Mdogo wangu Kanini akatoka Ikutha kunisindikiza. Nikaenda na njaa yangu, uso mkavu, na ile picha kwenye bahasha.

Kwenye benchi ya kungojea tulimkuta mama mmoja na msichana mdogo. Kope moja ya yule mtoto ilikuwa imefunika jicho lote. Mama akasema anaitwa Nzisa, wametoka Mbumbuni, na mtoto ni Mwende, alizaliwa hivyo.

Nzisa akaniangalia sana. Akaangalia simu yake, akaniangalia tena.

"Dada, samahani. Si huyu ni wewe?"

Simu yangu ni kabambe, ile ndogo ya kubonyeza, mambo ya mitandao hayanifikii. Kanini akaishika ile simu karibu na uso wangu, nami nikainua kope kwa kidole.

Ilikuwa posta ya kanisa letu, tangazo la kuita watu waje kuombewa. Upande mmoja mimi, kope zimeanguka, chini wameandika KABLA. Upande wa pili mimi tena, macho makubwa, blauzi nyeupe, kola ya mviringo. BAADA.

Kanini akafungua bahasha yangu, akaweka picha kando ya simu. Bega la Ndunge tu ndilo walikuwa wamelikata.



"Daktari alikuwa ameniambia nimlete mapema," Nzisa akasema. "Lakini bibi yake akaona hii posta. Akasema kwa nini mtoto akatwe na kuna mahali pa kuombewa? Tumekuja Kwa Vonza Jumapili nyingi, dada. Nyingi sana."

"Na leo wamekuambia nini?"

"Kope wataiinua. Lakini hilo jicho limefunikwa tangu azaliwe, halikujifunza kuona. Wanasema tumechelewa. Huenda lisione vizuri maisha yake yote."

Halafu akaniuliza, polepole, bila hasira.

"Kama ulipona, unafanya nini hapa?"

Nikamwambia ukweli wote, paji la uso, picha, kila kitu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alimvuta Mwende karibu naye, akamfunga kifungo cha sweta ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

"Kila Jumamosi alikuwa ananiuliza kama kesho ndiyo Jumapili ya jicho lake," akasema.

Muuguzi akaita jina langu.

Operesheni ilienda vizuri. Leo natia uzi kwenye sindano bila kuinua kidevu, na yule mwalimu mkuu amerudi na vitambaa vyake. Nashona na sifurahi.

Nilienda kwa Askofu kumwambia aiondoe posta. Akatabasamu.

"Lakini si yamefunguka hatimaye, Mama Musyimi? Mungu ana njia nyingi."

Posta bado iko. Sasa wameongeza picha yangu mpya, waliyonipiga sokoni bila kuniuliza. Kanini akiandika ukweli pale chini mtandaoni, Ndunge, ambaye ndiye anashika ukurasa wa kanisa, anaufuta.

Ndiyo maana naandika hapa, kwa simu ya Kanini, mahali Ndunge hawezi kufuta.

Ombeni. Mimi bado naomba, sijaacha. Lakini kama una mtoto ambaye kope imefunika jicho, na mtu amekutumia posta ya mwanamke mwenye blauzi nyeupe, mwanamke huyo ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na sikuwa nimeponywa chochote, kwa sababu sikuwa mgonjwa.

Mpeleke mtoto hospitali kesho.