Koti ya Shule

Ngozi ya mbuzi ikinyeshewa hutoa harufu ambayo hakuna sabuni inayoiondoa. Mvua yetu ya Kericho ikishuka mchana, na ngozi ninayokalia nje ikalowa kabla sijaikimbilia, basi narudi utotoni nipende nisipende. Nawasikia tena watu wakinicheka.

Miaka hiyo mashamba ya chai ya Wazungu yalikuwa bado machanga, na baraza la wilaya lilikuwa limeamua tujengewe shule kilimani, upande wa Kapkatet. Tarishi wa chifu alipita bomani akitangaza kwa sauti ya fahari. Sasa sisi Wakipsigis mnatujua: d na t kwetu ni mapacha, hatuwatofautishi.

"Baraza imesema! Kila nyumba ilete koti ya shule, na mtoto moja!"

Watu wazima walielewa kuwa ni kodi. Baba alilipa yake huku amenuna, akamtoa kaka yangu Kiprono. Mimi nililia nipelekwe pia. Baba akauliza msichana akienda kusoma, ndama watachungwa na nani, na kwake maneno yakaishia hapo.

Nilikuwa nikilala kwa Kogo, yaani nyanya yangu, mama yake baba, mjane aliyekuwa na nyumba yake palepale bomani. Hakunibembeleza. Alishusha ngozi zake laini za kuvalia sherehe, akaanza kuzishona kwa kano huku akiguna wimbo. Ikatokea koti kweli, la mikono, kama alilowahi kumwona nalo bwana shamba. Ila lilikuwa kubwa ajabu. Mikono ilinifika magotini na pindo lilizoa umande wote wa njiani.

Siku ya kufungua shule, chifu, wazee na baba walikuwa wameketi mbele. Kogo alinishika mkono akapita katikati yao hadi kwa mwalimu, kijana wa Kiluhya asiyejua neno la Kikipsigis.

"Mama, huyu ni wa nani?"

"Ni ya nyumba yangu," Kogo alijibu kwa Kiswahili alichookota akiuza maziwa kwenye kambi za chai. "Tarishi alisema kila nyumba ilete koti ya shule na mtoto. Koti ni hii. Mtoto iko ndani."

Jamani, kicheko! Chifu alicheka mpaka akajifuta machozi. Baba alijaribu kukunja uso, akashindwa, naye akacheka. Nani angemkasirikia kikongwe asiyejua lugha ya serikali?

"Haya," chifu akasema, "baraza imepokea koti. Msichana akae mpaka iishe."

Niliona aibu nusura nife. Wavulana waliniita Mbuzi, na darasa zima lilijua nimefika kabla sijaingia mlangoni. Lakini koti halikuisha. Mwaka hadi mwaka mikono ilipanda, kutoka magotini hadi vidoleni, kutoka vidoleni hadi viganjani, nami nikisoma tu.

Nilikuwa mwalimu tayari, na Kogo amekwisha kuzikwa, nilipomwona jirani yangu mjane akifunga kuku miguu, akauze apate kodi ambayo serikali iliitoza kila nyumba. Nilisimama njiani kama niliyepigwa. Kogo naye alikuwa mjane! Alilipa kodi ya nyumba tangu kabla sijazaliwa, na mara nyingi kuku wake nilimbeba mimi. Neno hilo alilijua kuliko alivyojua chumvi. Na aliyeipokea kodi hiyo mkononi mwake alikuwa chifu yuleyule.

Angedai kwa ukali nisomeshwe, baba angekataa mbele ya wazee na mambo yangekwisha. Kwa hiyo alikubali kuchekwa na wilaya nzima, akarudi nyumbani peke yake akiguna wimbo wake.

Nilidhani hata kipimo kilimshinda. Kumbe mikono ile aliipima kwa mwanamke ambaye mimi nilikuwa bado sijawa.