Neno Nililoandika Juu ya Yeremia

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho naiona kama ya jana. Ukungu wa kijiji chetu cha Yakobi umelala bondeni, mzito kiasi kwamba ungeweza kuukata kwa panga ukaubeba nyumbani, nami nimesimama katikati ya mianzi ya baba nikitikisa mbeta karibu na sikio. Mbeta ni kile kipande cha mwanzi mkavu tunachokifunga kwenye chipukizi lililokatwa ncha, ulanzi, ule utomvu mtamu wa mwanzi ambao ukichacha huwa pombe, udondokee humo usiku kucha. Ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili ilikuwa na kikombe kimoja. Ya tatu ilikuwa na nusu kikombe na nyuki wawili, tena nyuki wenyewe walionekana kukata tamaa. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Hapa kuna mtu."

Maneno matatu tu hayo. Lakini yalinitoka nikiwa sijatazama chochote, na baada ya hapo kila nilichokitazama kilinipa mtu.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, wakati Mwingereza ndiye aliyekuwa na bendera pale bomani Njombe. Baba alikuwa ameangukiwa na gogo mguuni, amelala ndani, akaniachia kisu chake cha kugemea na kichaka chake cha mianzi. Mianzi elfu moja! Basi, tuseme arobaini, ila ukigema peke yako arobaini ni elfu. Na ulanzi ule ulikuwa na kazi. Baba alikwisha waalika majirani waje kutupalilia mahindi, na kwetu hualiki watu shambani ukawapa maji ya kisima. Wachungaji wetu walikuwa wakitukaripia sana juu ya ulanzi uliochacha, hivyo wao tuliwapelekea ule mtamu wa asubuhi, na walikuwa wakiupokea kwa sala fupi.

Mchana nilikuwa shambani. Jioni nilikwenda Mjimwema, kwenye shule ya ngumbaru, kujifunza Kiingereza chini ya taa moja ya chemli iliyotoa moshi kuliko mwanga. Mwalimu wetu alikuwa Zefania, Mkinga mwembamba aliyekuwa na koti moja na subira ya watu kumi. Mimi nilikuwa mwanafunzi bora kuliko wote katika jimbo zima la nyanda za juu. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu. Darasani tulikuwa kumi na mmoja, na aliyenishinda alikuwa mmoja tu, Yeremia.

Yeremia alikuwa jirani yetu. Mama yake alikuwa mjane, na mianzi yao ilipakana na yetu, palipotengana pakiwa na kijito ambacho mbuzi angekiruka bila kukunja magoti. Sasa wewe mwenyewe sema: mbeta zangu tupu, zake zimejaa, na katikati kuna kijito cha kurukwa na mbuzi. Ungemshuku nani?

Nikaanza uchunguzi. Siku ya kwanza niliona nyayo upande wetu wa kijito. Kwamba Yeremia alipita pale kila alfajiri kumchotea mama yake maji, nililifahamu tangu utotoni, lakini asubuhi ile nyayo zilionekana kwangu kama za mtu anayenyata. Siku ya pili alinisalimu.

"Kamwene, ndugu yangu! Baba anaendeleaje na mguu?"

"Anaendelea."

"Mpe pole sana. Mwambie nitakuja kumtazama."

Nikamwangalia anavyoondoka, nikajiambia: salamu ndefu kiasi hiki, mtu asiye na lake ataitoa wapi? Siku ya tatu hakunisalimu, kwa kuwa hakuniona, nami nikajiambia: dhamiri imemkaba. Siku ya nne alipangusa midomo kwa kiganja. Loo! Hiyo nilikwenda nayo hadi nyumbani kama mtu aliyeokota almasi.

Siku ya tano nilipaka pilipili kwenye midomo ya mbeta zote. Nilitumia pilipili ya kuua ng'ombe. Alfajiri nikarudi: pilipili ipo vilevile nilivyoipaka, haikuguswa, na ulanzi ni kidogo vilevile. Mtu mwenye akili angesema, basi hakuna mwizi. Mimi nikasema, mwizi huyu ni fundi, anafyonza kwa mrija. Jioni darasani Yeremia akakohoa. Nusu ya Njombe ilikuwa inakohoa msimu ule, hata Mwalimu Zefania alikuwa anakohoa, lakini mimi nilisikia kikohozi kimoja tu.

Juma hilohilo, mwanangu, Mwalimu alikuwa akitufundisha maneno mawili ya Kiingereza, "know" na "think". Usidhani ni madogo kwa kuwa yanasemwa kila mahali. Aliyaandika ubaoni, moja huku na jingine kule, akayazungukia siku tatu kama mtu anayenunua ng'ombe. "Know" ni kujua, alisema, na "think" ni kufikiri au kudhani. Lakini angalieni yanavyokaa ndani ya sentensi. "Know" unaweza kulipa mtu mzima mzima likamshika: "I know Yeremia." Imetimia, weka nukta. "Think" halikubali hivyo. Ukisema "I think Yeremia" umemwacha mtu anang'inia, msikilizaji anangoja, Yeremia amefanya nini? Lazima ulete sentensi nyingine ilishike mkono. Kisha akaonyesha jambo jingine. "I am thinking" ni sawa, kwa maana fikra ni kazi, mtu yumo ndani yake, hajamaliza. "I am knowing" si sawa. Kujua hakumo njiani, kumekwisha kufika.

"Kwa hiyo," akasema, akipangusa chaki kwenye koti lake moja, "mkiwa bado mnatembea, msiseme mmefika."

Nilinukuu yote. Kwenye jaribio nilipata kumi kwa kumi, Yeremia tisa. Nililala nikicheka.

Kesho yake Mwalimu akatuletea habari. Mzungu wa barabara, aliyekuwa na kambi yake Makambako, alitaka karani wa stoo ya vifaa: majembe, sururu, mapipa ya lami, mambo kama hayo. Alitaka kijana mmoja anayesoma Kiingereza na asiyeiba. Mwalimu alikuwa amemchagua Yeremia. Nakuambia ukweli, moyo wangu ulishuka hadi kwenye vidole vya miguu, maana nilikwisha jiona na kofia ya ukarani, nikipita Makambako penye njia panda watu wakinipisha.

"Mzungu ameomba neno la wanaoishi naye," Mwalimu akasema. "Kila mmoja aandike sentensi mbili juu ya tabia ya Yeremia. Kwa Kiingereza. Yeremia, wewe toka nje kidogo."

Yeremia akatoka akitabasamu kwa aibu. Wenzangu wakaandika kwamba yeye ni mwema, kwamba yeye ana mama, mmoja akaandika kwamba yeye ana miguu miwili, kwa kuwa hiyo ndiyo sentensi aliyokuwa na uhakika nayo. Mimi nikaandika: "I know that Yeremia is a thief. He steals our ulanzi."

Kisarufi sikukosea hata nukta.

Mwalimu alikusanya karatasi akazisoma mojamoja. Alipofika kwenye yangu alikaa nayo muda mrefu. Aliwaaga wengine, akaniita mbele ya meza.

"Hili neno la pili katika sentensi ya kwanza," akasema, "ndilo ulilokusudia?"

"Ndilo, Mwalimu."

"Umemwona?"

Hapo, mwanangu, mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningeweza kusema, sikumwona, nimeona nyayo na nimesikia kikohozi. Lakini nilikuwa nimeshikilia zile kumi kwa kumi zangu, na kofia, na hasira ya juma zima.

"Ninajua, Mwalimu."

Akazikunja zile karatasi zote pamoja. Yeremia hakupelekwa Makambako. Stoo akapewa kijana kutoka mbali, ambaye hatukumfahamu. Na neno halikukaa darasani, kwa maana nililisaidia kutoka. Ndani ya siku tatu watu wa Yakobi walikuwa wanafunika vibuyu mama yake Yeremia akipita, yule mama ambaye hakuwa amegusa hata jani la mtu.

Baada ya juma moja baba aliweza kusimama kwa mkongojo. Akataka kuona mianzi yake. Nikatembea naye taratibu hadi bondeni, nikimweleza habari za mwizi njia nzima. Tulipofika aliushika mwanzi wa kwanza, akaupinda, akapitisha kidole gumba kwenye kidonda.

"Hapa umekata lini?"

"Jana, baba."

"Jana saa ngapi?"

"Mchana. Kabla ya kujiandaa kwa shule."

"Na jioni?"

"Jioni nilikuwa Mjimwema."

Akaanza kucheka. Alicheka hadi mkongojo ukatikisika. "Wewe! Chipukizi hukatwa upya asubuhi na jioni, kila siku, unene wa ukucha. Usipolikata jioni kidonda kinakauka, kinaziba. Usiku lidondoshe nini? Mwanzi unauambia nini, kwamba umekwenda kusoma?"

Kisha kicheko kikakatika ghafla, kama mtu aliyekumbuka moto jikoni. Alinigeukia.

"Mwizi uliyekuwa unanisimulia ni nani?"

Nikamtaja. Baba alitazama ng'ambo ya kijito, kwenye mianzi ya yule mjane, iliyokatwa safi, ncha zake zikimeta kwa unyevu.

"Mtoto wa watu amekwenda Makambako juzi," akasema polepole. "Mama yake alipita kuniaga kwa niaba yake. Anaandikishwa kazi ya mkonge. Nilimwuliza kwa nini kijana msomi aende kukata mkonge Tanga, akasema hapa hawezi tena kukaa. Hakuniambia zaidi. Alikuwa ananistahi mimi, nyumbani kwangu, na wewe umo ndani unakula."

Hakunipiga. Heri angenipiga.

Nilikwenda kwanza kwa Mwalimu Zefania nikamweleza yote. Akaniambia kazi ya stoo haipo tena, hiyo imekwenda, lakini mtu labda bado yupo. Nikashika njia ya Makambako kwa miguu, maili elfu kumi, au arobaini kasoro, sikuzihesabu. Nililala kwa watu njiani, na kesho yake saa nne nikafika.

Kambi ya wanaoandikishwa ilikuwa kando ya barabara. Lori lilikuwa limekwisha washwa. Wanaume wamepanga mstari, kila mmoja na blanketi la kupewa begani na kibati cha namba shingoni. Nikamwona Yeremia nyuma kabisa. Nikapaza sauti mbele ya wote, kwa Kiswahili, halafu kwa Kibena ili asibaki hata mmoja asiyeelewa: kwamba huyu si mwizi, hakuiba, mimi nimemsingizia, mwanzi wangu ulikauka kwa uvivu wangu mwenyewe.

Mnyapara akasema, "Umemaliza? Tunaondoka."

"Yeremia, toka mstarini. Turudi nyumbani," nikamwambia.

"Nimekwisha weka dole gumba kwenye mkataba," akajibu. "Nikitoroka ni jela." Alinitazama, si kwa hasira, ila kama mtu anayetazama nyumba ambayo hawezi tena kuingia. "Mama hana wa kumchotea maji. Unasikia? Hana wa kumgemea."

Akapanda, lori likaondoka. Vumbi la Makambako likanifunika, na nilikuwa nikilistahili.

Nikarudi Yakobi. Nilikwenda nyumba kwa nyumba nikilifuta neno langu, na hiyo, mwanangu, ni kazi ngumu kuliko kulieneza. Nililieneza kwa siku tatu, na kulifuta kulinichukua mwaka, tena kuna nyumba mbili ambazo sina hakika kama lilifutika. Nikaacha shule, maana nilikuwa na vichaka viwili vya kugema asubuhi na jioni. Nilimchotea mama yake maji, nikampalilia, nikamjengea zizi la mbuzi. Miezi ya kwanza alipokea ndoo bila kunitazama. Baadaye alinitazama.

Msimu wa ulanzi ukapita, ukaja mwingine. Jioni moja nilikuwa upande wao wa kijito, nimepinda mwanzi, nakata, nikasikia mtu amesimama nyuma yangu. Alikuwa amekonda, mikono imejaa makovu ya miiba ya mkonge. Alitazama vidonda vya mianzi kimoja baada ya kingine, mstari mzima, hakukosa hata kimoja. Kisha akanyoosha mkono.

"Leta kisu," akasema. "Wewe nenda shule."

Ndivyo nilivyomaliza masomo yangu, na cheti ninacho hadi leo, ingawa panya wamekula kona.

Sasa mwanangu, sikukatazi kushuku. Mtu asiyeshuku kabisa atauziwa hata kivuli chake. Shuku, lakini tambua kwamba bado unashuku. Sema "nadhani" kwa sauti, usione aibu, kisha nenda ukaangalie, na uanze na mikono yako mwenyewe kabla ya kufika kwenye ya jirani. Ukiulizwa "Umemwona?" jibu swali uliloulizwa, si lile unalolipenda. Na ikiwa umekwisha kusema unajua na hukujua, usingoje mguu wa mtu upone. Toka siku hiyohiyo, maana malori huondoka.

Mungu awape majirani wema, na ninyi awafanye majirani wema kwao. Mvua ziwafikie kwa wakati wake. Watoto wenu wawasikilize kuliko mimi nilivyosikiliza, na kila mmoja wenu aliyesafiri mbali arudi akute mama yake yu hai mlangoni. Amina.