Soksi za Cleotis Pruitt

Odessa Pruitt alisingiziwa. Mumewe, Cleotis, alisimama mbele ya kamera akaitangazia Marekani nzima kwamba timu imeshindwa kwa sababu mkewe alifua soksi.

Kwa miaka tisa Cleotis alicheza ulinzi katika futiboli ya Kimarekani ya kulipwa, ile ya kukimbia na mpira mikononi. Alikuwa na kilo mia na arobaini na kazi moja tu: mwenye mpira asipite. Mpira wenyewe hakuwahi kuushika hata siku moja. Kila Jumatatu Odessa alimfunga barafu magotini na kumkatia nyama kama mtoto, maana vidole vilikuwa havikunjiki.

Msimu wa tisa timu ilishinda mechi saba mfululizo. Cleotis akaapa kwamba soksi zake hazitaguswa na maji mpaka wabebe kombe. Wiki ya nne zilianza kusimama zenyewe nyuma ya mlango. Wiki ya sita mbwa alihamia kwa jirani.

"Cleotis, chagua. Mimi au soksi."

"Mpenzi, wewe hujawahi kushinda mechi saba."

Alhamisi Odessa akazifua kwa siki, maji matatu. Maji ya kwanza yalitoka kama mchuzi wa maharage.

Jumapili timu ilikuwa nyuma kwa pointi nne, sekunde chache zimebaki. Mpinzani akaponyokwa na mpira, ukadunda, ukatua mikononi mwa Cleotis. Mbele yake hapakuwa na mtu. Akatimua mbio, tumbo likitangulia, na Odessa jukwaani akipasua koo: "Kimbia, baba! Kimbia!"

Sasa, Cleotis alikuwa na dansi aliyoifanyia mazoezi bafuni tangu mwaka wa kwanza. Hatua moja kabla ya mstari wa bao, akidhani ameshauvuka, akauachia mpira, akaanza kukata kiuno. Mpinzani mmoja mwembamba kama ufagio akaulalia. Mechi ikaisha. Cleotis bado anacheza.

Kwao Tolliver, Alabama, hakuna aliyetaja dansi. Cleotis alimpa kinyozi soksi moja, naye akaitundika ukutani ndani ya kioo. Dukani muuzaji alimuuliza, "Dada Odessa, sabuni tena? Humwogopi Mungu?" Kanisani Mama Thelma, kiongozi wa kwaya, alimvuta pembeni.

"Nilikuwa nakuombea wewe, mwanangu. Sasa naiombea timu."

"Mama Thelma, mpira uliachiwa na mikono. Soksi zinavaliwa miguuni!"

"Na ni miguu iliyopungukiwa hatua moja."



Mcheza kwao hutunzwa. Mei iliyopita shule ya mji iliitundika jezi ya Cleotis, isivaliwe tena na mwingine. Odessa alikaa mstari wa mbele na kofia mpya, akisubiri sentensi moja. Cleotis alimshukuru Mungu, kocha, mpishi wa shule, hata mbwa. Kisha akamtazama Odessa, akakohoa.

"Na mke wangu… nimeshamsamehe."

Watu wakapiga makofi. Mama Thelma alilia.

Tangu siku hiyo Odessa hajafua soksi ya mtu. Mbwa yuko kwa jirani tena. Cleotis anadaiwa sentensi ileile, mbele ya kanisa, kwa sauti ya kufika viti vya nyuma: "Mpira niliuachia mwenyewe." Na kinyozi anadaiwa soksi ya kushoto. Ya kulia iko kabatini, safi, inanukia siki.